Soko letu limeungua: nani atarudi likijengwa?

SWALI

Shikamoo mzee. Nauza dagaa na mchele hapa Mwanza, huu mwaka wa 11. Soko letu liliungua usiku, wiki tatu zimepita. Sikuokoa hata mizani. Tumeambiwa tusisogelee, eneo linasafishwa, litajengwa soko la kisasa la ghorofa, na sisi tutapelekwa mahali pa muda. Kuna viongozi wanasema tushukuru, moto umeleta maendeleo, mafundi watapata kazi na mzunguko wa fedha utaongezeka. Kizimba changu kiko kwa jina la mtu mwingine, mimi namlipa kodi kila mwezi kwa simu. Nina marejesho benki na kwenye kikoba. Nasikia ulifanya kazi ya mipango miji na unazijua habari za miji iliyoungua na kubomoka. Huko walijengaje upya, nani alilipa, na mtu kama mimi alirudi? Na je, nihamie huko kwa muda au nisubiri?

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kama nimehesabu vizuri, moto umewakuta siku za giza, mwezi hauonekani, dagaa wakiwa wengi na kila mtu amejaza stoo. Hasara ya namna hiyo haihesabiki kwa magunia peke yake.

Nianze na swali linalokunyima usingizi: mtu kama wewe alirudi? Mara nyingi hakurudi. Na si kwamba soko halikujengwa. Soko la mjini, mahali penye watu, halikosi wa kulijenga. Hakurudi kwa sababu siku ya kugawa vizimba jina lake halikuwemo. Wiki zile za mwanzo, watu wote wakitazama majivu na kuulizana fedha zitatoka wapi, wachache walikuwa wamekaa ofisini wanaandika orodha. Ukichoka kusoma, ondoka na hili: fedha za kujenga zitapatikana leo au kesho, orodha ndiyo ya kupigania, na muda wake ndio huu.

Sasa hilo la kushukuru moto. Chukua mfano wako mwenyewe. Tuseme ulikuwa umepanga faida ya mwaka huu uezeke nyumba yako kule Buhongwa. Moto umepita, fedha ile ile itanunua mizani, magunia na meza. Fundi wa meza amepata kazi, kweli. Fundi wa bati wa Buhongwa ameikosa, na muuza bati kaikosa pamoja naye. Aliyepata anaonekana, anapiga nyundo mbele ya kamera. Aliyekosa haonekani, maana bati halikuezekwa na hakuna anayepiga picha paa lisilokuwepo. Wanaohesabu mapato ya mji huhesabu kilichozalishwa mwaka huu, na kilichoungua hakitolewi kwenye hesabu. Ndiyo maana mji unaweza kuungua na takwimu zake zikapanda. Mzunguko wa fedha umeongezeka, na wewe huna kitu.

Lakini nisiwe mkaidi, kuna chembe ya ukweli pale, na ni chembe inayokuhusu. Novemba 1872 moto uliteketeza katikati ya mji wa Boston, Marekani. Miaka mingi baadaye wachumi walipekua madaftari ya kodi ya majengo ya mji ule, wakakuta bei za viwanja zilipanda palipoungua, na hata jirani ambapo moto haukufika. Sababu inaeleweka. Mtu mwenye jengo bovu katikati ya majengo mabovu haoni faida ya kujenga zuri peke yake. Moto ukiyafagia yote kwa mkupuo, kila mmoja anajenga vizuri kwa wakati mmoja, na uzuri wa jengo la huyu unapandisha thamani ya la yule. Ila soma vizuri kilichopanda. Kilichopanda ni bei ya kiwanja, wala si kipato cha muuza duka. Faida ya moto, ikiwepo, inaingia ardhini, halafu inatoka kama kodi ya pango. Aliyekuwa na ardhi anavuna, na aliyekuwa amepanga anakutana na kodi mpya.

Hapo ndipo siasa yote ya kujenga upya ilipo. Tazama soko lenu. Ardhi ni ya halmashauri. Juu yake kuna mwenye kizimba, ambaye jina lake liko kwenye mkataba na huenda hajauza hata sado ya mchele miaka mitano. Kisha uko wewe uliyepanga kwake. Na mbele ya kizimba chako, nabahatisha, kuna binti anayeuza nyanya na ndimu kwenye ndoo, anayekupa wewe kitu kidogo ili asifukuzwe. Moto uliwaunguza kuanzia chini kwenda juu: yeye kaunguza kila kitu alichokuwa nacho, wewe mtaji, mwenye kizimba kaunguza meza na mabati, halmashauri imeunguza jengo. Nafasi za kurudi, zikiachwa zijiendee, hugawanywa kuanzia juu kwenda chini, na mara nyingi huishia kwa mwenye kizimba.

Nakuambia hili nikijua mkono wangu umo. Zamani nikiwa kazini, soko dogo moja la huku Kanda ya Ziwa liliungua. Tulipofika asubuhi bado panafuka. Mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya debe lililopinda, katikati ya mraba wa majivu, mkononi ana kufuli. Kufuli lilikuwa limefungwa bado, funguo anazo, mlango wenyewe haupo. Wenzake walimwita chai akakataa kunyanyuka. Nilimwambia, mzee wangu nenda ukapumzike, orodha tutaileta. Tukaileta kweli, tukainakili kutoka kwenye faili la mikataba la ofisini. Jina lake halikuwemo. Lilikuwemo la mtu aliyekwisha kufariki, na wiki iliyofuata mjane wake akashuka kwenye basi, mkataba ukiwa ndani ya mfuko wa nailoni, safi hata kona haijakunjika. Yule mama hakudanganya, na yule mzee hakudanganya. Tukampa mwenye karatasi, kwa sababu karatasi ndiyo tuliyoijua, nami nikasaini. Sikuwa nimevunja sheria yoyote. Nilipomwona tena yule mzee alikuwa anauza viberiti stendi.

Wazee wetu walilimaliza hili zamani: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi wenzetu walifanyaje? London iliungua kuanzia 2 Septemba 1666, moto ukatoka kwenye tanuri la mwoka mikate, ukawaka siku nne na kula nyumba zaidi ya 13,000. Hazikupita siku nyingi wasanifu, Christopher Wren akiwa mmojawapo, wakampelekea mfalme michoro ya mji mpya, barabara pana zimenyooka, viwanja vya wazi hapa na pale. Michoro mizuri mno. Haikujengwa hata mmoja. Kila barabara iliyonyooka ilikatiza kwenye kiwanja cha mtu, na fidia ya kuwalipa wote haikuwepo. Mji ukarudi karibu juu ya mitaa ile ile, imepanuliwa kidogo, ila safari hii kwa matofali na mawe badala ya mbao.

Kitu ambacho watu hawakisimulii ni kwamba kabla ya mafundi walitangulia majaji. Mikataba ya pango ya siku zile ilimkandamiza mpangaji: nyumba ikiungua, yeye ndiye wa kuijenga tena, na wakati huo huo aendelee kulipa kodi ya nyumba isiyokuwepo. Ingefuatwa hivyo, mji usingejengwa kabisa. Bunge likaunda mahakama maalumu ya mashauri ya moto. Majaji hawakulipwa kwa kazi hiyo, na waliruhusiwa kuivunja mikataba na kuisuka upya. Ikawa kawaida: anayekubali kujenga apunguziwe kodi na aongezewe miaka ya mkataba, hata kama ni mpangaji. Mzigo ukagawanywa. Na uliuliza nani alilipa. Nyumba na maduka walijenga watu wenyewe kwa fedha zao na madeni yao. Kazi za umma, kupanua mitaa na kujenga majengo ya mji, zililipiwa kwa ushuru wa makaa ya mawe yaliyoingia bandarini. Maana yake kila mwana London aliyewasha moto nyumbani kwake wakati wa baridi alikuwa anachangia.

Mfano wa pili naupenda zaidi. Mexico City, 19 Septemba 1985, tetemeko liliua maelfu ya watu. Katikati ya mji palijaa nyumba kuukuu za wapangaji, nyingine kodi yake iligandishwa kisheria tangu miaka ya 1940. Wenye nyumba walikuwa wamengoja siku kama ile: jengo limeanguka, mpangaji atoke, tuuze kiwanja. Wapangaji wakagoma kutoka. Walilala barabarani mbele ya vifusi vyao, wakaunda kamati kila jengo, kamati zikaungana, wakaandamana hadi kwa rais. Oktoba ile ile serikali ikatwaa maelfu ya viwanja. Waliokuwa wakiishi ndani yake wakaandikwa na kupewa vyeti vya haki, wakajengewa pale pale, na kulipa polepole kwa mkopo wa muda mrefu. Benki ya Dunia ilikopesha sehemu ya fedha. Ndani ya miaka miwili hivi nyumba zaidi ya 40,000 zilikuwa zimejengwa au kukarabatiwa. Angalia sifa iliyomwingiza mtu kwenye orodha: kuwa alikuwa akiishi humo siku ya tetemeko. Hati ya kiwanja haikuulizwa. Kipengele hicho kimoja kilibadilisha kila kitu, na hakikushuka kutoka mbinguni, kilidaiwa mitaani wakati vumbi bado lipo.

Nyumbani kwetu, tukio la karibu zaidi na lako ni Kariakoo. Lile jengo alilosanifu Beda Amuli, lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, liliungua usiku wa 10 Julai 2021. Fedha za kulikarabati na kuongeza soko jipya kando yake serikali ilitoa, mabilioni. Wafanyabiashara wakatawanywa kwenye masoko mengine. Mwaka 2024, miaka mitatu imepita, majina ya wanaorudi yakatolewa, na waliojitafuta wasijione wakaingia barabarani kulalamika. Nadhani sasa unaona kwa nini nang'ang'ania orodha. Pale fedha zilikuwepo, mkandarasi alikuwepo, jengo lilikuwepo. Ugomvi ukawa wa majina.

Na tetemeko la Bukoba la 10 Septemba 2016 utakuwa unalikumbuka, huku Mwanza lilitikisa pia. Ukubwa wake 5.9, zaidi ya watu 15 walikufa, nyumba kwa maelfu zilianguka au kupasuka. Michango ikamiminika, na ikaja na fitina zake: hazikupita wiki tatu maofisa wa juu mkoani wakatenguliwa kwa madai ya kufungua akaunti nyingine yenye jina kama la akaunti ya maafa. Serikali ikatamka kwamba michango itakwenda kwenye miundombinu ya umma kama shule na vituo vya afya, na nyumba kila mtu atajenga yake. Wengi waliumia kusikia hivyo. Mimi naona msimamo ule ulikuwa na hoja mbili, moja ya haki na moja ya urahisi. Ya haki: ukimjengea mmoja nyumba, utamkatalia vipi aliyeangushiwa nyumba na mvua mwaka unaofuata? Ya urahisi ni kwamba shule inajengwa kwa mkataba mmoja na saini moja, inakatiwa utepe mmoja. Ihungo, sekondari kongwe, ilijengwa upya kwa msaada wa Uingereza, na ukiiona leo utasema hewala. Nyumba elfu moja ni migogoro elfu moja, na hakuna utepe. Matokeo yake mwenye ndugu Dar es Salaam au nje ya nchi alitumiwa fedha akajenga. Aliyekuwa amepanga chumba alihama tu, na aliyehama haingii kwenye takwimu ya nyumba yoyote.

Kwa hiyo usijenge matumaini yako juu ya fidia ya mtaji. Sijaiona ikilipwa kwa wauza dagaa, na sitaki nikudanganye. Pigania nafasi ya kurudi, hiyo inapatikana.

Sasa hilo ghorofa lenyewe. Ofisi nyingi zina mapenzi na ghorofa, na nilikuwa nayo pia. Ardhi ya mjini ni ghali, ukipanda juu unaongeza vizimba, mchoro unapendeza. Lakini dagaa hawapandi ngazi, mwanangu. Mteja anayetaka gunia analitaka pale guta linapofika. Kuli akipandisha gunia la mchele ghorofa ya pili atakudai mara mbili, na mteja wa sado moja, mama mwenye mtoto mgongoni, atanunua kwa yule aliyetandika chini nje ya geti. Jengo la Machinga Complex pale Ilala lilijengwa kwa ajili ya wamachinga kabisa, kwa fedha za mkopo wa mfuko wa hifadhi ya jamii. Likakaa miaka nafasi nyingi ziko wazi, deni linakua, wamachinga wenyewe wako nje wanauza juani ambako watu wanapita. Hapo hakuna uvivu wala ukaidi. Mteja ndiye anayechagua soko lilipo.

Tena ghorofa lina deni au angalau lina gharama: mlinzi, taa, maji, ukarabati. Halmashauri itataka kurudisha, na itarudisha kwenye kodi ya kizimba. Kama zamani mlilipa kiasi mnachokipata kwa mauzo ya siku moja mbili, ulizeni mapema kitakuwa kiasi gani, kwa maandishi, kabla ya mchoro kupitishwa. Ulizeni pia idadi: vizimba vilivyoungua ni vingapi, vya mchoro mpya ni vingapi, na vya chini ni vingapi kati ya hivyo. Chini ndiko dhahabu iliko, na chini ndiko dalali atakakotangulia kufika. Nawaambieni, dalali huanza kuzungumza kilemba cha fremu, fedha ya kuachiwa nafasi, hata msingi haujachimbwa.

Mnayo nguvu moja ambayo wafanyabiashara huisahau. Kila siku soko likiwa limefungwa, ushuru wenu hauingii, na halmashauri inayategemea mapato ya ndani. Haiwezi kukaa miaka bila nyinyi bila kuumia nayo. Mkiwa mmoja mmoja mnaonekana ombaomba. Mkiwa na jina moja na katibu mmoja, mnazungumza kama walipaji. Na msisahau kalenda: mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, bajeti hupikwa miezi kabla ya hapo. Mradi usioandikwa kwenye bajeti ni hotuba, utausubiri mwaka mwingine. Mwulizeni diwani wenu ukurasa, asiwajibu kwa ahadi.

Dokezo dogo kwa wenzako walioko mwaloni, maana wanaweza kusoma hapa. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, Sri Lanka ilipiga marufuku kujenga karibu na bahari, mita 100 sehemu moja na 200 sehemu nyingine. Sababu ilikuwa usalama. Wavuvi wakasogezwa mbali na mitumbwi yao, wakati hoteli za kitalii zilipata njia ya kubaki. Kelele zikawa kubwa na mwishowe ukanda ukapunguzwa. Sisi tuna mita zetu 60 kutoka ufukweni za Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na mwaka 2020, ziwa lilipopanda hadi kufikia viwango ambavyo havijaonekana tangu miaka ya 1960, tuliona kwa macho sababu yake: maji yaliingia vibandani na kwenye nyumba za ufukweni. Sheria ni nzuri. Kipimo chake ni kuangalia kama baada ya maafa inamgusa mwenye kibanda na mwenye hoteli sawasawa.

Turudi kwako. Uliuliza uhamie au usubiri. Hamia. Bandari ya Kobe, Japani, ilikuwa ya sita duniani kwa makontena kabla ya tetemeko la 17 Januari 1995. Waliikarabati kwa miaka miwili tu, kazi ya kupigiwa mfano. Lakini katika miaka ile miwili meli zilizokuwa zikishusha pale mizigo ya kupelekwa kwingine zilihamia Busan, Korea Kusini, zikazoea, na nyingi hazikurudi. Kobe haikurudi tena kwenye nafasi yake ile. Kama mteja wa bandari hasubiri, wa dagaa atasubiri? Mama ntilie anayechukua kwako kila Jumatatu tayari kapata mahali pengine. Eneo la muda litakuwa na matope, choo kitakuwa mbali, utalichukia. Nenda, hata na magunia mawili, na wapigie simu wateja wako mmoja mmoja uwaambie uko wapi. Ila ukienda, andikishwa kama mhamishwaji kutoka soko lililoungua, na upewe kitu chenye namba na muhuri. Kuna watakaokuja eneo lile ambao hawakuwahi kuwa sokoni kwenu. Miaka miwili mbele wote mtafanana.

Ushahidi wako unao zaidi ya unavyodhani. Zile meseji za kodi uliyotuma kwa simu ni mkataba wako. Usizitegemee zikae kwenye simu, nenda ofisi ya mtandao unaotumia ukaombe taarifa ya miamala iliyochapishwa, miaka kadhaa nyuma wanavyoweza. Risiti za ushuru kama zimeungua, malipo yaliyopita kwenye mashine ya kukusanyia mapato yana kumbukumbu, waombeni. Daftari la kikoba linaonyesha ulikuwa ukiweka hisa kama mfanyabiashara wa soko lile. Picha yoyote, hata ya harusi ya mwenzenu mliyopiga mbele ya vizimba, itafutwe. Halafu nyinyi wenyewe, mstari kwa mstari, chukueni kaunta buku moja mchore soko lilivyokuwa: kizimba namba fulani, kulia nani, kushoto nani, mwenye mkataba nani, muuzaji nani. Safu hizo mbili za mwisho zikae tofauti, mwenye mkataba na muuzaji. Msiziunganishe, hata mwenyekiti wa soko akiwaambia inachosha. Na binti wa ndimu mwandikeni. Majirani wawili wasaini kwa kila jina. Toeni nakala, mpeleke kwa mkurugenzi, na ile mnayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Orodha yenu si sheria. Lakini ofisa atakayekaa kuandika ya kwake atalazimika kueleza kwa nini inatofautiana na ile aliyoipokea kwa muhuri. Mimi ningeletewa moja kama hiyo siku zile, yule mzee nisingemtoa kirahisi.

Kuhusu madeni, nenda benki wiki hii, kabla hujakosa rejesho la kwanza. Ukienda mwenyewe na barua ya mtendaji kuhusu moto, unaomba kupangiwa upya. Ukisubiri wakufuate, unaitwa mkosefu. Waambie wakuonyeshe fomu uliyosaini, uone kama kulikuwa na bima ndani yake na inahusu nini. Wengi hukatwa fedha yake bila kujua. Kikoba nao wameungua pamoja nawe, kaeni mkubaliane kusimamisha riba. Ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo 4 ni za wanawake, ilisimamishwa 2023 ikarudishwa 2024. Inatolewa kwa vikundi, nanyi ni kikundi tayari. Kausha damu, ile mikopo ya mitaani yenye riba kali, usiiguse, hata wakikuletea fedha hadi mlangoni.

Limebaki gumu zaidi, na hakuna mtaalamu wa kukufanyia: mwenye kizimba. Yeye anaogopa pia. Anajua kwamba ukijitokeza kama muuzaji halisi anaweza kupoteza mkataba, kwa hiyo mkianza kwa ugomvi atakukana kabisa. Mwendee mapema, na mtu mzima mmoja mnayeheshimiana wote wawili. Usimwambie unataka kizimba chake. Mwambie mnataka kiandikwe kwa majina mawili: yeye mwenye haki, wewe mwendeshaji, na kwamba kikijengwa utakuwa wa kwanza kupangishwa kwa kodi mtakayokubaliana leo kwa kanuni yake, kwa mfano kodi ya halmashauri na nyongeza fulani juu yake, ili siku soko la kisasa likifunguliwa asije na bei ya dalali. Naye apate kitu: wewe ndiye utakayekuwa pale kwenye mikutano, unaitika jina la kizimba chake wakati yeye yuko Geita kwenye shughuli zake. Akikubali, msaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa, nakala moja ibaki kwake. Akikataa, bado jina lako liko kwenye safu ya pili ya kaunta buku, na saini za majirani wawili pembeni.